Ndoo Iliyotazama Juu

Mama Kidawa anasema, na mpaka chai ya asubuhi inaiva alikuwa ameshawaambia watu kumi na mmoja, kwamba mvua ilinyesha kwa Sikudhani peke yake. Bondeni haikunyesha. Kwake yeye Mama Kidawa haikunyesha, na kati yake na Sikudhani kuna uzio wa michongoma tu, uzio wa kupitisha mkono ukaomba chumvi. Anasema alikuwa nyuma ya nyumba anasuuza vyombo, alfajiri ile watu bado wanajinyoosha, akaiona mvua inakuja kutoka ng'ambo ya mto, imenyooka, haiangalii pembeni, kama mgeni aliyeelekezwa nyumba. Ikafika langoni kwa Sikudhani, ikasita kidogo, ikaingia. Ikapitia magimbi, ikapitia kunde, ikazunguka mpaka kwenye ile ndoo ya bluu iliyoko uani, ikaiachia maji, ikaondoka bila kuaga. Walipomuuliza, wewe Mama Kidawa, mbona kanga yako imelowa mpaka kiunoni, alisema huo ni umande. Walipomuuliza, na haya yanayochuruzika kwenye paa lako, alisema bati nalo hutoka jasho, na nyie mnauliza kama mmetumwa.

Hakuwa anasema uongo. Hilo Sikudhani alilijua tangu alipoletewa maneno hayo, na ndilo lililomuumiza. Mwongo unaweza kumbana kwa maswali, ukamzungusha, mwisho akachoka akasema kweli. Lakini Mama Kidawa alikuwa ameshasema kweli yake yote. Alipima kwa kipimo ambacho bonde zima hupimia, nacho ni ndoo.

Katika bonde lile, ambalo jina lake liliondolewa kwenye ramani kwa marekebisho ya muda mfupi na halijarudishwa mpaka leo, majira hayaji. Hutangazwa. Kila siku saa kumi alasiri redio za nyumba zote hukohoa kwa pamoja, kisha sauti ya Ofisi ya Majira husema leo ni majira gani, na watu huishi humo mpaka kesho saa kumi. Siku kikitangazwa kiangazi, kila nyumba hutoa ndoo zake nje na kuzifudikiza, mdomo chini, kitako juu. Zamani ilikuwa furaha. Ilikuwa namna ya kuiambia mvua ahsante, tumeshiba, nenda ukapumzike, na watoto walipiga vile vitako kama ngoma mpaka mama zao wakawafukuza. Halafu Ofisi ikaipenda furaha ile, ikaiandika kwenye kitabu, na tangu ilipoandikwa karani hupita nyumba hadi nyumba anahesabu vitako. Watu nao wakazoea. Mtu wa bondeni akitaka kujua kama mvua imenyesha, haangalii juu. Anainua ndoo, anaangalia ndani. Ikiwa kavu, basi haikunyesha, na kama umelowa huo ni mwili wako, katafute dawa.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu wa kiangazi. Kiangazi juu ya kiangazi, hakuna hata wiki moja iliyotangazwa kitu kingine. Waliosema sababu walisema kwa kunong'ona: Mkuu wa Majira anapenda sherehe za uwanjani, na viti vya uwanjani ni vya kitambaa.

Sasa Sikudhani alikuwa na maisha manne. Masika alikuwa mkulima, anachimba, anapandikiza, anaongea na funza wa viazi kama anaongea na wapangaji wasiolipa, anacheka ovyo. Kipupwe alikuwa msomaji. Baridi ikishuka alijifunga kanga mbili, akasoma kila chenye herufi, na ukimwita haitiki, si kwa kiburi, ni kwamba yule unayemwita hayupo. Kiangazi alikuwa msikilizaji, redio iko magotini, anafuatilia nani kateuliwa, nani katenguliwa, nani kaambiwa apumzike, naye hukasirika kila siku hasira mpya. Na vuli, zile mvua fupi zikianza kugonga bati, alikuwa mwandishi. Hapo aliwaita wale watatu, akawakalisha kwenye mkeka mmoja, akaandika kwenye daftari walichogombania. Hawakufanana hata sura. Ndugu zake waliokuja kumtembelea baada ya miezi kadhaa walimuuliza yeye mwenyewe, samahani dada, Sikudhani tumemkuta?

Tangazo la kiangazi liliporudiwa mwaka wa pili, na wa tatu, alielewa kilichokuwa kinatakiwa. Hakuna aliyemwambia asisome. Hakuna aliyemwambia asilime. Walitaka tu wanawake watatu kati ya wanne waliokuwa ndani yake wasizaliwe tena, abaki yule mmoja mwenye redio, asikilize, akasirike, asikilize, akasirike, mwaka mzima, miaka yote, mpaka hasira nayo iwe kama ugonjwa wa viungo, uchungu uliouzoea. Hakuandamana. Hakupiga kelele. Aliendelea kulima wakati mvua ikinyesha na kuandika kwamba imenyesha. Na ndoo ya bluu aliiacha imetazama juu.

Karani Mlekwa wa Ofisi ya Majira alifika saa mbili asubuhi, viatu vyake vina matope mpaka kwenye kamba. Kabla ya kubisha hodi alisimama akavifuta kwenye nyasi kwa uangalifu, kimoja kimoja, kwa sababu kiangazi hakina matope. Uso wake, ukiutazama upande wa kulia, ulikuwa wa mtu wa miaka thelathini. Ukiutazama kushoto, sabini. Ofisi ile huzeesha watu upande wanaokaa na faili.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Kiangazi chema, dada."

"Habari za asubuhi," Sikudhani alijibu.

"Nimesema kiangazi chema."

"Nimekusikia, bwana karani. Karibu kigoda."

Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo, akachutama, akatoa rula ya mbao mfukoni, akaizamisha. Akaitoa, akaifuta, akaizamisha tena. Mara ya tatu alifumba jicho moja.

"Sentimita kumi na moja," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuta nyoka kitandani lakini hataki kuwashtua wageni. "Haya maji yametoka wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Kwani juu kuna sehemu ngapi?"

"Dada, mimi nauliza vizuri. Pengine uliyachota mtoni ukasahau. Watu husahau. Mimi mwenyewe juzi nimesahau mwavuli."

"Mtoni nachotea ndoo ya njano. Hii haijawahi kufika mtoni. Iulize mwenyewe."

Karani Mlekwa aliitazama ndoo, na kwa nukta moja ilionekana kama kweli angeiuliza. Kisha akasimama, akafungua mkoba, akatoa karatasi.

"Jirani yako ameripoti, tena kwa nia njema, kwamba mvua imenyesha kwako peke yako. Sheria unaijua?"

"Nisomee."

"Mvua ikikutwa kwenye ndoo moja, ni kosa la mwenye ndoo. Mvua ikikutwa kwenye ndoo mbili au zaidi, ni hali ya hewa, na Ofisi itaitafakari."

"Kumbe kosa na hali ya hewa vimepishana ndoo moja."

"Ndoo moja," alikubali, bila aibu. "Sasa sikiliza. Tunajua una daftari. Lifungue, andika kwa mkono wako: leo haikunyesha. Maneno mawili. Mimi namwaga haya maji, naifudikiza ndoo, tunakunywa chai, nakwenda zangu. Ukikataa, tangazo la saa kumi likishasomwa wafyekaji wanaingia hapa. Magimbi, kunde, maboga, mpaka ardhi iwe nyeupe kama kiganja. Na kiwanja kinarudi kwa Ofisi."

"Magimbi yamebakiza wiki tatu."

"Nimeyaona. Yamependeza sana," alisema, na upande wa kulia wa uso wake ulimaanisha hivyo.

"Na nikipata ndoo ya pili?"

"Hazipo, dada. Bonde zima zimefudikizwa. Nimehesabu mimi mwenyewe kwa kidole hiki." Akafikiri kidogo, akageuza karatasi nyuma. "Sheria inakubali na jina. Jirani, mtu mzima, akiri kwamba alilowa, aandikwe. Lakini liwe jina lake mwenyewe alilopewa alipozaliwa, si mama fulani wala baba fulani. Jina la pili ni sawa na ndoo ya pili. Haijawahi kutokea."

"Kwa nini haijatokea?"

"Kwa sababu ni kiangazi," alisema Karani Mlekwa, akakaa kwenye kigoda kusubiri saa kumi.

Sikudhani alichukua jembe, akaingia bustanini.

Magazeti hayakuwahi kufika bondeni yakiwa magazeti. Yalifika yamefungia vitu. Chumvi ilikuja ndani ya hotuba, dagaa ndani ya ajali, maandazi ndani ya matangazo ya vifo, mafuta yamewatoboa marehemu mashavu. Sikudhani alikunjua kila karatasi, akainyoosha juu ya paja, akaisoma, na kwa kuwa karatasi zilikuja kwa kufuata njaa badala ya tarehe, dunia kwake haikwenda mbele. Kwenye daftari lake waziri alijiuzulu Jumatatu, akaapishwa Alhamisi, na wiki iliyofuata akaomba kura kwa mara ya kwanza, kijana, ana nywele. Daraja lilivunjika kabla ya kujengwa. Vita vilikwisha, vikapamba moto, vikaanza kwa maneno madogo ya watu wawili kwenye kikao. Wanaosoma gazeti zima, lenye ukurasa wa kwanza na wa mwisho, hufikiri kila siku kuna jambo jipya. Yeye, aliyeyasoma kwa mafungu, aliona kwamba hotuba ya kufungua na hotuba ya kusikitika ni hotuba moja, wamebadilisha mkia tu. Akishasoma alizitandaza zile karatasi kati ya matuta, akaziwekea nyasi juu na mawe pembeni, zishike unyevu na kuzuia magugu. Mvua ikija herufi huachia karatasi, zikashuka chini. Boga la mwaka juzi lilitoka na neno tumboni, limefifia kama michirizi ya uzazi: tutahakikisha. Alilikata, akalipika. Ladha yake ilikuwa ya boga.

"Unalima shamba litakalofyekwa saa kumi?" Karani Mlekwa aliuliza kutoka kwenye kigoda.

"Saa kumi bado."

Akapalilia tuta la kwanza. Karani, kwa kuwa hana la kufanya, akasimama akatembea kati ya matuta, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Akainama. Chini ya jani la gimbi, kati ya nyasi, uso mkubwa wenye miwani ulikuwa unamtazama.

"Huyu ni Mkuu wa Majira?"

"Ndiye."

"Umemfunika Mkuu kwa nyasi?"

"Nimemsoma kwanza."

Karani aliinua nyasi kidogo kwa rula. Halafu akauliza taratibu, kama anauliza jambo la nyumbani: "Na anashika unyevu?"

"Huyo ndiye anashika kuliko wote. Karatasi yake nzito."

Karani Mlekwa alirudi kwenye kigoda, na njiani alivifuta viatu tena.

Sikudhani alilima, na akili yake ikaenda pale inapokwenda jembe likishapata mwendo. Swali lake lilikuwa moja, naye alilibeba miaka mitatu bila kumwonyesha mtu. Watu elfu wakilowa na ndoo elfu zikawa kavu, nani amelowa?

Ngozi haitoshi. Ngozi hukauka, na ikishakauka inakana.

Ndoo ingetosha. Lakini ndoo waliiinamisha wenyewe, kwa mikono iliyolowa.

Basi mkono. Mkono unajua. Mkono hauulizwi.

Na mimi ninayeandika, naandika kwa ajili ya nani? Kwa aliyelowa? Ameshasahau. Kwa asiyelowa? Atasema ni umande. Labda naandika kwa yule Sikudhani wa vuli, ambaye miaka mitatu hajaja. Namwekea maneno kama anavyowekewa chakula msafiri, nafunika, asubuhi nafunua, vilevile. Naweka tena. Wanasema huo ni ukaidi wa mtoto. Sawa. Yule anayekula kila anachopewa humwita kila anayetema mtoto.

Wanachotaka si maji yangu. Sentimita kumi na moja wangeweza kuzimwaga kwa teke. Wanataka mimi ndiye nimwage, kwa penseli. Kwa sababu wakimwaga wao, kulikuwa na maji.

Hapo alisimama, akaegemea jembe. Mambo yalikuwa mepesi kuliko alivyodhani. Angeandika yale maneno mawili, magimbi yangebaki, yangekua, angeyavuna baada ya wiki tatu, angeyachemsha kwa chumvi. Na kila gimbi lingekuwa limeota kwenye siku ambayo yeye mwenyewe ameandika haikuwepo. Angekuwa anatafuna nini? Aliwaza Sikudhani wa masika, yule anayecheka ovyo, akiambiwa kwa mwandiko wa dada yake wa vuli kwamba hakuwahi kuzaliwa.

Adhuhuri aliingia ndani kupika. Alikunjua fungu la chumvi, akasoma. Ilikuwa picha ya kiwanja kitupu kilichosawazishwa, viti vya kitambaa vimepangwa mistari, na maneno chini: Bustani ya zamani bondeni yageuzwa uwanja wa sherehe. Pembeni kabisa, karibu na uzio wa michongoma, mwanamke amesimama ameipa kamera mgongo. Pale ambapo tarehe huandikwa palikuwa pamechanika. Sikudhani alishika ile karatasi muda mrefu. Huenda ilikuwa ya miaka arobaini iliyopita, mwanamke mwingine, uzio mwingine, naye sasa analima juu ya sherehe iliyosahauliwa. Huenda ilikuwa ya kesho. Kwa mtu anayepata habari kwa mafungu ya chumvi, kesho na miaka arobaini iliyopita huja dukani siku moja. Alitafuta mgongo wa yule mwanamke kama ni wake. Nani anaujua mgongo wake?

Akamimina chumvi kwenye kopo. Akatoka nayo ile karatasi, akachimba kidogo chini ya gimbi la mwisho, akaitandaza, picha ikitazama chini.

"Limeshaandikwa gazetini, sawa," aliliambia gimbi. "Na mimi naandika."

Saa kumi kasorobo alikwenda kwenye uzio. Mama Kidawa alikuwa anaanika nguo, vibanio mdomoni, amegeukia ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usinitazame hivyo."

"Nakutazamaje?"

"Kama karatasi ya dagaa. Unanikunjua, unanisoma."

"Mama, alfajiri ulilowa."

"Nilikuwa nasuuza vyombo. Anayesuuza vyombo hulowa."

"Mgongoni?"

Mama Kidawa alitoa vibanio mdomoni, kimoja kimoja, akavitia kifuani. "Wewe binti una maneno. Na hilo ni darasa la saba tu. Ungefika juu zaidi, sisi tungehama."

"Ndoo yako uliiangalia?"

"Niliiangalia sana. Kabla sijafungua mdomo kwa mtu yeyote, niliiinua nikachungulia ndani. Kavu kama mdomo wa mgonjwa. Nikasema, jamani, imenyesha kwa Siku peke yake."

"Ilikuwa imefudikizwa."

"Si ndivyo inavyowekwa?"

"Sasa maji yangeingilia wapi, mama?"

Mama Kidawa aligeuka. Alitazama uani kwake, ndoo zake tatu zimepangwa vitako juu, safi, kama watu wanaosujudu. Si kwamba hakujua. Alijua kama mtu anavyojua kisogo chake, umekibeba maisha yote lakini hujawahi kukutana nacho. Sikudhani aliona lile jambo linapanda usoni kwake polepole, likafika machoni, na hapo likakuta mlango umefungwa.

"Mimi sikukuombea mabaya," Mama Kidawa alisema. "Niliposema mvua imekuja kwako nilikuwa nakusifu. Na wivu kidogo, nisikufiche. Miaka mitatu nasikia harufu ya kunde zako. Nilisema, huyu ana nini ambacho sisi hatuna."

"Nina ndoo iliyotazama juu."

"Usinifanyie hivyo, Siku."

"Saa kumi wanafyeka. Wanataka jina la mtu wa pili aliyelowa. Mmoja tu, mama. Ukisema, si kosa tena, ni hali ya hewa."

"Najua wanachotaka. Kidawa wangu anafanya kazi pale, ama umesahau? Lile tangazo linalosomwa, mpiga chapa ni yeye. Kila siku anaandika kiangazi, kiangazi, kiangazi, vidole vimemwota sugu. Leo mama yake alowe? Wamwambie, chapa, mama yako amelowa? Atakayefukuzwa ni nani, mimi?"

"Hataandikwa Mama Kidawa. Karani kasema wanataka jina lako."

"Jina langu ndilo hilo."

"Lile la kwako."

Mama Kidawa alimtazama kama mtu aliyeulizwa chumba ambacho hakijafunguliwa tangu amehamia. Kisha akaokota beseni lake, akajipangusa mikono kwenye kanga, ingawa mikono ilikuwa mikavu, akaanza kuzianua nguo ambazo alikuwa amemaliza kuzianika sasa hivi.

Maana upande wa mto kulikuwa kumeanza kuwa kweusi.

Mvua haikuja kwa miguu safari hii. Ilikuja imejitandaza, kutoka kilima hadi kilima, na ilipofika juu ya mapaa ya kwanza ikasikika kama mtama unaomwagwa kwenye ungo. Bonde zima watu walikuwa nje wanaanua nguo, wote kwa pamoja, bila kusema wanaanua kwa nini. Karani Mlekwa aliinuka kutoka kwenye kigoda chake. Alifungua mkoba, akatoa mwavuli, akaufungua juu ya kichwa.

"Jua kali leo," alisema.

"Kali," Sikudhani alijibu, maji yanamwingia machoni. "Chunga lisikupige."

Upande wa kulia wa uso wa karani ulitaka kucheka. Wa kushoto uliangalia saa. "Zimebaki dakika sita, dada. Daftari linalowa."

Ni kweli lilikuwa linalowa. Alilitoa chini ya kanga, akalikinga kwa kifua, akatoa penseli, kwa sababu wino hukimbia mvuani, penseli hukaa. Akaandika amesimama, herufi kubwa za shuleni, kila moja anaikandamiza mpaka inaacha alama ukurasa wa chini yake: Leo imenyesha mara mbili. Waliolowa ni Sikudhani. Hapo akaweka mkato. Akautazama ule mkato, mdogo, umeinama kama mbegu ya pilipili, baada yake hakuna kitu. Karani alinyoosha shingo, akausoma chini ya mwavuli. Rula yake ilikuwa mkononi, inachuruzika.

Sikudhani alipita kati ya matuta mpaka kwenye michongoma. Miiba ilimshika kanga, akaivuta ikachanika, akaendelea. Mama Kidawa alikuwa bado yuko pale, upande wake wa uzio. Nguo alikuwa ameshazitupa ndani, beseni ameliacha mlangoni. Angeweza kuingia. Wengine wote bondeni walikuwa wameingia na kufunga madirisha, na kutoka nyuma ya madirisha hayo redio zilianza kukohoa, nyumba moja, nyumba ya pili, mpaka bonde zima lilikohoa kama kifua kimoja.

Sikudhani alipitisha mkono katikati ya miiba, na daftari, na penseli imelala juu ya ule mkato.

"Mama," alisema. "Magimbi nimekubali kuyapoteza. Hilo nimeshalimaliza tangu adhuhuri. Lakini sitaki mvua hii iwe yangu peke yangu. Nakuomba jina lako. Lile ulilokuwa nalo kabla ya Kidawa."

Mama Kidawa alisimama wima mbele ya mkono ule, maji yanamtoka kwenye nyusi, kwenye kidevu, kwenye vidole vyote kumi, midomo imeachana kidogo, anaitazama ncha ya penseli.